Pumzi ya Temu, na mashine zinazodai kuijua

Leo hakuna somo la PHP wala MySQL, au tuseme somo lipo ila limejificha ndani ya historia, kwa hiyo vuteni viti.

Siku hizi soko limejaa vifaa vinavyoahidi kukufundisha kupumua. Kuna mkanda wa kufunga kifuani, pete ya kidoleni, saa ya mkononi na programu za simu zisizo na idadi. Ndiyo, kupumua, kazi uliyoianza siku uliyozaliwa bila mwalimu! Fani yenyewe inaitwa bayofidibaki. Mashine inapima jambo linaloendelea mwilini ambalo kwa kawaida hulioni, inakurudishia habari zake kwa picha au kwa mlio, nawe unajifunza kulibadilisha. Ni kama kioo, ila kinaonyesha mambo ya ndani.

Historia ya vifaa hivi huandikwa kuanzia London, kisha California. Mimi naomba niianzie kwetu Kisii na Nyamira, kwa sababu huku walitoka watu ambao pumzi zao zilisumbua vichwa vya wataalamu wengi, na kwa sababu mashine hizi zilikuja kutoa hukumu juu ya mapafu ya watu kama wao.

Twende Mexico City, tarehe 13 Oktoba 1968, mbio za mita 10,000. Mji ule uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya michezo kulikuwa na ubishi mkubwa miongoni mwa madaktari kama ni haki, au hata kama ni salama, kuwakimbiza watu masafa marefu mahali pa juu hivyo. Mwenye rekodi ya dunia alikuwa Ron Clarke wa Australia, dakika 27 na sekunde 39.4. Clarke hakwenda kichwa kichwa, alikuwa amefanya mazoezi ya milimani huko Font-Romeu, Ufaransa. Karibu na mwisho akaachwa. Mamo Wolde wa Ethiopia akachomoka, na nyuma yake akafuata askari wa jeshi la Kenya, mtu wa Nyamira (wakati huo Nyamira ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Kisii), jina lake Naftali Temu. Temu alimkamata Wolde kwenye mita za mwisho akampita, tofauti haikufika sekunde moja. Dakika 29, sekunde 27.4. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Kenya katika Olimpiki, kabla ya Keino na kabla ya wengine wote.

Clarke alimaliza wa sita, akaanguka, akapoteza fahamu, daktari wa timu yake akamwekea kinyago cha oksijeni huku akilia. Ukitaka kujua mwinuko ulifanya nini siku ile, linganisha muda wa Temu na rekodi ya Clarke. Mshindi wa Olimpiki alikuwa nyuma ya rekodi kwa karibu dakika 1 na sekunde 48.

Hapa nisimame kidogo kwa sababu jambo hili huelezwa vibaya. Watu husema hewa ya milimani ina oksijeni kidogo. Asilimia ni ileile, karibu 21, uwe Mombasa au kileleni Mlima Kenya. Kinachopungua ni shinikizo la hewa, lile linaloisukuma oksijeni ipenye kutoka mapafuni kuingia kwenye damu. Mexico City shinikizo ni kama asilimia 77 ya lile la pwani. Mji wa Kisii, ambao uko karibu mita 1,700, una kama asilimia 82, na kwenye mashamba ya chai ya Nyamira yanayokaribia mita 2,000 linashuka hadi 79 hivi. Kwa maneno mengine, hewa iliyomwangusha Clarke haikuwa mbali sana na ile ambayo Temu aliivuta tangu utoto akipanda na kushuka vilima vya kwao.

Lakini msinielewe vibaya, mwinuko peke yake haushindi mbio. Mwenyeji Juan Martínez wa Mexico alimaliza wa nne. Na Temu alikuwa amekwisha kumshinda Clarke huyohuyo mwaka 1966 mjini Kingston, Jamaika, kwenye maili 6 za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kingston ni mji wa pwani, usisahau.

Kabla ya Temu alikuwapo Nyantika Maiyoro, ambaye kwa maoni yangu hajapewa heshima yake. Mwaka 1954 alikimbia uwanja wa White City, London, akamaliza wa tatu kwenye maili 3, mbio ambazo wawili waliomtangulia waliivunja rekodi ya dunia. Mwaka huohuo akawa wa nne Vancouver. Alikuwa wa saba kwenye mita 5,000 za Olimpiki ya Melbourne 1956 na wa sita Roma 1960. Arere Anentia, Mkisii mwingine, alirudi na shaba ya maili 6 kutoka Cardiff mwaka 1958. Kwenye dhahabu ya kupokezana vijiti ya 4x400 kule Munich mwaka 1972, watatu kati ya wanne walikuwa wa kwetu, yaani Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko. Na tarehe 10 Julai 1993 mjini Oslo, Yobes Ondieki akawa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Alitumia 26:58.38. Nawataja wote kwa sababu vijana wengi siku hizi wakisikia riadha wanafikiria Iten peke yake.

Sasa turudi kwenye mashine. Kifaa cha kwanza cha maana cha kupima pumzi, spairomita, kilielezwa na daktari John Hutchinson mjini London mwaka 1846. Kilikuwa pipa la maji lenye chombo kilichofunikwa juu yake. Ukipuliza kwa mrija, chombo kinapanda na kipimo kinaonyesha umetoa lita ngapi. Hutchinson aliwapima watu zaidi ya 2,000, wakiwemo mabaharia, polisi na wapiganaji wa mieleka, akagundua kwamba ujazo wa mapafu unaendana na urefu wa mtu. Kazi safi kabisa, na hadi leo namheshimu kwa wingi wa data aliyokusanya bila tarakilishi.

Matatizo yalianza kifaa kilipovuka bahari. Kule Marekani Samuel Cartwright, daktari wa watu wenye mashamba ya watumwa, alitumia spairomita kudai kwamba mapafu ya mtu mweusi yana upungufu wa kama asilimia 20, na kwamba kazi ya kulazimishwa ndiyo inayomfaa. (Ni yuleyule aliyesema mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili.) Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Benjamin Gould alichapisha mwaka 1869 vipimo vya maelfu ya askari vilivyoonyesha weusi wakiwa na ujazo mdogo zaidi. Askari wale wengi walikuwa wametoka utumwani juzi tu. Kula yao ilikuwa ipi, walilala wapi, moshi gani walivuta? Namba hazikuuliza. Profesa Lundy Braun ameifuatilia njia hii yote katika kitabu alichokichapisha mwaka 2014, na ukikisoma utaona jinsi dai la bwana mwenye watumwa lilivyogeuka taratibu likawa kipimo cha hospitali.

Mimi mtu wa programu niliposoma habari hizo kilichonishtua ni jinsi dai hilo lilivyoingia ndani ya mashine. Spairomita za kisasa ni tarakilishi ndogo. Unaingiza umri, urefu, jinsia, halafu kuna kisanduku cha kuchagua asili yako. Ukichagua mweusi, kiwango kinachotarajiwa kinazidishwa kwa namba kama 0.88. Mstari mmoja wa msimbo!

Fanya hesabu pamoja nami. Mtu mwenye urefu na umri fulani anatarajiwa kutoa lita 4.0. Anapuliza lita 3.0. Hiyo ni asilimia 75, na daktari anayetumia kizingiti cha 80 ataanza kuuliza maswali. Sasa chagua mweusi. Matarajio yanashuka hadi lita 3.52, na lita zake 3.0 zinakuwa asilimia 85. Nenda nyumbani, uko sawa! Mapafu hayajabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni kisanduku kile. Mwaka 1999, mjini Baltimore, kampuni moja iliyoshtakiwa na wafanyakazi kwa madhara ya asbesto ilitaka mahakama iwawekee walalamikaji weusi kigezo kigumu zaidi, ikitegemea hoja hii hii ya mapafu.

Kusema haki, wastani wa vipimo hutofautiana kweli kati ya watu wa sehemu mbalimbali. Urefu wa kiwiliwili ukilinganishwa na miguu unachangia, na pia lishe ya utotoni, moshi wa kuni na umaskini. Lakini moshi wa kuni si asili ya mtu. Ukiuweka ndani ya fomula kama sifa ya ngozi yake, umeufanya ugonjwa kuwa hali ya kawaida.

Haya, tuje kwenye bayofidibaki yenyewe. Jina hilo lilikwama mwaka 1969, watafiti walipokutana Santa Monica, California, wakaunda chama chao. Siku zile shauku ilikuwa kwenye mawimbi ya ubongo. Habari ya pumzi ilichimbwa zaidi upande wa pili wa dunia. Katika Leningrad ya miaka ya 1980, Evgeny Vaschillo aliwafanyia majaribio wanaanga wa Kisovieti. Aliwaonyesha mapigo ya mioyo yao kwenye kioo akawaomba wayapandishe na kuyashusha kwa mwendo maalum. Akakuta kwamba mwendo wa karibu mara 6 kwa dakika ndio unaoleta mawimbi makubwa kuliko yote.

Sababu yake ni tamu. Ukivuta pumzi moyo unaongeza kasi kidogo, ukitoa unapunguza. Pia kuna mfumo mwingine unaosawazisha shinikizo la damu kwa kurekebisha mapigo, na huo huchelewa kama sekunde 5 hivi. Ukipumua kwa mzunguko wa sekunde 10, mifumo hii miwili inasukumana kwa wakati mmoja, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila anapofika mwisho. Baadaye Vaschillo alifanya kazi na Paul Lehrer huko New Jersey, na mwaka 2004 wakachapisha matokeo ya kutia moyo kwa wagonjwa wa pumu.

Kibiashara, kifaa kilichopata umaarufu ni Resperate kutoka Israeli, ambacho kiliruhusiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2002. Unafunga mkanda wenye sensa, unavaa vipaza sauti vya masikioni, na muziki unakuvuta upumue polepole hadi chini ya mara 10 kwa dakika ili shinikizo la damu lishuke. Mwaka 2003 ukaja mchezo wa tarakilishi, The Journey to Wild Divine, ambao unaucheza kwa vihisio vya vidoleni na unafungua milango kwa kutuliza pumzi. Nilikuwa nautamani sana mchezo huo, bei yake ndiyo iliyonituliza.

Je, vinafanya kazi? Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Kamal Mahtani walikusanya majaribio ya Resperate pamoja. Kwa jumla shinikizo la juu lilishuka karibu vipimo 4. Walipoyatoa majaribio yaliyogharimiwa na watengenezaji, faida ikatoweka. Mwaka uliofuata chama cha moyo cha Marekani kikasema kwamba hata hivyo ni jambo linaloweza kujaribiwa pamoja na matibabu mengine. Maoni yangu ni kwamba kupumua polepole kuna maana, lakini kulipia mamia ya dola ili uambiwe vuta, toa, ni anasa.

Tena kuna ushahidi ambao watu wa kwetu wataupenda. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake wa Italia walichapisha katika jarida la BMJ utafiti juu ya watu 23 waliokuwa wakisali rozari kwa Kilatini. Sala ya Salamu Maria, ikisemwa kwa kupokezana, iliwashusha hadi karibu pumzi 6 kwa dakika, mwendo uleule wa Leningrad. Mantra za yoga zilifanya vivyo hivyo. Wamisionari wa Mill Hill walifika Nyabururu, karibu na mji wa Kisii, mwaka 1911, kwa hiyo ukitaka kuwa mkali unaweza kusema kifaa cha kuongoza pumzi kimekuwa Kisii zaidi ya karne nzima, chenye punje 59 na bila betri. (Wasabato wa Nyanchwa msinikasirikie, nadhani na nyimbo zenu ndefu zina kazi yake.)

Programu za simu za leo zinatumia ujanja huohuo wa moyo na pumzi. Unaweka kidole kwenye kamera, taa inawaka, na kila damu inapopita rangi inabadilika kidogo. Programu inatafuta vilele, inahesabu muda kati ya kilele na kilele, kisha inaona muda huo unavyorefuka na kufupika. Mawimbi hayo ndiyo pumzi yako. Msimbo wake si mrefu, kazi ngumu ni kuondoa kelele za mkono unaotikisika.

Na hapo kwenye mwanga na kidole tunarudi kwenye lile tatizo la kisanduku, ila safari hii hakuna kisanduku hata cha kukibofya. Oksimita, kile kibanio cha kidoleni ambacho wengi tulikifahamu wakati wa korona, ilibuniwa na Takuo Aoyagi wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Inapitisha mwanga mwekundu na infraredi, inalinganisha kiasi kinachomezwa. Fomula peke yake haitoshi, kwa hiyo watengenezaji huisahihisha kwa vipimo vya watu waliojitolea, na kwa miaka mingi wengi wao walikuwa na ngozi nyeupe. Melanini nayo humeza mwanga. Mwaka 1990 Amal Jubran na Martin Tobin walionyesha kwamba kifaa kinakosea zaidi kwa wagonjwa weusi. Miaka 30 ikapita. Mwezi Desemba 2020, katikati ya janga, Michael Sjoding na wenzake wa Michigan wakaonyesha kwamba pale oksimita iliposoma 92 hadi 96, wagonjwa weusi asilimia 11.7 walikuwa kwa kweli chini ya 88, dhidi ya asilimia 3.6 ya weupe. Mamlaka ya Marekani ilitoa rasimu ya masharti mapya mwezi Januari 2025, ikitaka vifaa vijaribiwe kwa watu wengi zaidi wenye ngozi za rangi mbalimbali. Kwa hiyo ukisoma 93 kwenye kidole cha mgonjwa nyumbani huku anahema kwa shida, amini kuhema.

Hili la kuamini kuhema lina historia yake, na kwangu ndiyo teknolojia bora kuliko zote nilizozitaja. Katika miaka ya 1980 daktari Frank Shann, aliyekuwa akifanya kazi Papua Guinea Mpya, alionyesha kwamba nimonia ya mtoto inaweza kutambuliwa bila eksirei kwa kuhesabu pumzi. Shirika la Afya Duniani likaichukua. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, na ana kikohozi au anapumua kwa shida, mchukulie kuwa na nimonia. UNICEF ikasambaza kisaa kidogo kinachotoa mlio ili mhudumu asilazimike kutazama saa na kifua cha mtoto kwa pamoja. Philips nao wametengeneza kifaa cha kufunga tumboni mwa mtoto kinachohesabu chenyewe. Kazi ni ileile. Huko vijijini ambako jiko la kuni liko ndani ya nyumba, mama mwenye simu yenye saa ana kila kinachohitajika. Mlaze mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, hesabu dakika nzima, usikate kati. Akizidisha kiwango, nendeni kituoni siku hiyohiyo. Akishindwa kunyonya au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, msisubiri hata kuhesabu.

Spairomita nayo imeguswa hatimaye. Mwaka 2022 kundi la kimataifa la mapafu lilichapisha fomula mpya isiyouliza asili ya mtu, na mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kikapendekeza itumike badala ya zile za rangi. Lakini mashine iliyonunuliwa kabla ya hapo haijibadilishi yenyewe, ni lazima mtu aingie kwenye mipangilio au asasishe programu. Ukipelekwa kupimwa mapafu, iwe Kisii, Nairobi au ughaibuni, omba karatasi ya majibu. Karibu na jina lako mara nyingi pameandikwa fomula iliyotumika. Ukiona GLI 2012 ikifuatiwa na neno la asili, mwombe fundi arudie hesabu kwa GLI Global. Huhitaji kupuliza tena, namba zako bado zimo ndani ya mashine.